Konseto ya Klavesini Tuliyoipeleka Beni

Konseto ile ilianzia kwenye misa isiyokuwa na jeneza. Ilikuwa Beni, katika parokia ya mtaa wa rafiki yangu, asubuhi ya joto. Mbele ya altare paliwekwa meza ndogo, picha ya msichana ndani ya fremu, na mishumaa iliyokuwa ikipinda kwa joto kabla ya kuisha. Msichana yule alikuwa dada mdogo wa rafiki yangu. Alikuwa ameenda na majirani kuvuna kakao katika shamba la familia, upande wa Mutwanga, chini ya milima. Watu wa porini, wale waasi wenye silaha, waliwakuta shambani. Baadhi ya majirani walipatikana wameuawa palepale kati ya miti. Yeye hakupatikana, wala nguo yake, wala kiatu. Familia ilingoja miezi mingi, mpaka mama yao akamwomba padri asome misa, maana alisema hawezi kuendelea kumpikia mtu asiyekuja.

Rafiki yangu alikaa safu ya kwanza, kando ya mama yake. Mimi nilikaa nyuma, nikamtazama shingo misa yote. Haikutikisika. Hakulia.

Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja ya sekondari pale Beni, na watu wote wa muziki, Beni na Butembo, walimwita Mulimu tu. Tulijuana tangu utoto. Sote wawili tulikuwa katika kwaya ya watoto ya padri mmoja Mzungu hapa Butembo, mzee aliyekuwa na klavesini katika sebule yake. Ukiiona klavesini utadhani ni piano nyembamba, lakini ndani hakuna nyundo. Ukibonyeza kibao, kuna ulimi mdogo unaoinuka na kudonoa uzi wa chuma, kama mtu anayepiga gitaa kwa ukucha. Padri alitufundisha sote. Mimi nilibaki na vidole, yeye akaenda na kalamu. Padri alipozeeka na kurudi kwao, klavesini ilibaki katika salle, ukumbi wa parokia, na mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi hapa Vulamba, mtaa wa Butembo. Watoto waliniita Madamu, kisha wazazi wao, kisha kila mtu.

Baada ya ile misa, wiki kadhaa zilipita bila kumsikia Mulimu. Kisha siku moja ya Jumamosi alifika nyumbani kwangu na pikipiki, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilimpa maji, akanawa, akanywa chai.

"Madamu," akasema mwishowe, "ile klavesini ya padri iko namna gani?"

"Iko palepale. Panya zilikula vitambaa vya ndani. Sauti zingine haziitike tena."

"Tuende tuione."

Tulikwenda. Tulifungua kifuniko, na harufu ya mikojo ya panya ikatoka. Nilibonyeza vibao kimoja kimoja, na yeye akasikiliza kila kinachoitika na kila kilichokufa. Zile ndimi ndogo za kudonolea zilikuwa zimevunjika nyingi. Alichukua bidon ya njano, ile ya mafuta ya kupikia, akaikata kwa wembe vipande vyembamba kama ukucha wa mtoto, akaanza kuvipachika mahali pake. Kazi ile ilituchukua Jumamosi nyingi. Butembo kuna baridi na ukungu, nyuzi hazitulii. Ulichokaza asubuhi kimelegea mchana. Siku moja nilimwuliza kwa nini anahangaika na chombo kama hiki, wakati parokia ina kinanda cha umeme kizuri.

"Piano, ukiigusa pole inalia pole, ukiipiga na nguvu inalia na nguvu," akasema. "Hii hapana. Hata ufanye nini, sauti ni ile ile. Inatoka, inakufa. Hauwezi kuibembeleza." Akakata kipande kingine cha bidon. "Njo vile nasikia mu mwili, Madamu."

Ndipo akaniambia kwamba anaandika konseto. Klavesini mbele, na orkestra ndogo nyuma yake, watu ambao wangeweza kuenea ndani ya chumba kimoja. Mimi ndiye nitakayepiga klavesini. Hakuniuliza kama nataka. Sikumwambia kwamba naogopa.

Orkestra tulikuwa nayo, ya namna yetu. Violoni chache zilizoachwa na mapadri, nyingine zilizotengenezwa na fundi seremala hapa Butembo, alto mbili, zilizo kubwa kidogo kuliko violoni, selo moja yenye ufa uliozibwa kwa gundi ya mbao. Wapigaji walikuwa watu wa kwaya, mwalimu mwenzangu, muuguzi mmoja, mama mmoja mwuza vitambaa aliyepiga alto. Kontrabasi ilipigwa na Mwislamu mmoja wa Beni, mtu mnene, mpole, wa familia ya wasafirishaji. Alijifunza besi katika bendi ya arusi wakati wa ujana wake, kisha Mulimu akamfundisha kusoma noti. Baba yake alikuwa na malori, yeye alikuwa na pickup, na kila Jumamosi aliwaleta wale wa Beni kwenye mazoezi na kuwarudisha kabla jua halijashuka. Kwenye barabara ile hakuna anayetaka kukutwa na giza.

Muziki wenyewe hatukuuzoea. Sisi tulizoea nyimbo za misa na vipande vya zamani alivyotuachia padri. Katika karatasi za Mulimu violoni ziliambiwa zisugue uzi karibu kabisa na daraja mpaka sauti ikwaruze. Kontrabasi iliambiwa igonge ubao wake kwa vifundo vya vidole. Kulikuwa na mahali ambapo wote walinyamaza, na kunyamaza huko kumehesabiwa kama noti.

Mama wa alto aliweka upinde chini siku ya kwanza. "Mulimu, samahani. Hii ni muziki ao ni ajali?"

"Piga vile nimeandika, mama. Utasikia kiisha."

Na kweli alisikia. Ilichukua muda, lakini Jumamosi moja sehemu ya kwanza ilishikana, klavesini ikakimbia mbele, violoni nyuma, kama watu wanaowahi soko, na sote tukatazamana. Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole. Nyuzi ziliuliza kitu, klavesini ikajibu kwa noti moja. Zikauliza tena, ikajibu kwa noti ile ile, ikichelewa zaidi kila mara. Sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kwangu, ingawa haikuwa na noti nyingi. Katikati yake klavesini inaacha. Orkestra inaendelea bila yake mpaka mwisho, na mpigaji anakaa pale mbele ya watu, mikono juu ya mapaja, hana kazi.

"Nifanye nini wakati ule?" nilimwuliza.

"Hakuna. Ukae tu."

"Nitazame wapi?"

Alifikiri. "Vibao," akasema. "Tazama vibao."

Tuliamua kuipiga kwa mara ya kwanza Beni, kwa sababu ya mama yake, na kwa sababu ya watu wengi wa kule waliokuwa na misa kama ile. Asubuhi ya safari tuliifunga klavesini kwa magodoro na mablanketi, tukailaza nyuma ya pickup, na mimi nikakaa kando yake nikiishika kama mgonjwa. Tuliteremka mlima wa Kabasha polepole. Kwenye bariyeri moja askari alisimamisha gari, akafunua blanketi kwa ncha ya bunduki.

"Oyo nini?" akauliza kwa lugha ya jeshi.

"Piano, chef," mpiga kontrabasi akajibu, akiwa bado ameshika usukani.

Askari alinitazama. "Beta."

Nilielewa: nipige. Nilifungua kifuniko, nikapiga magoti juu ya godoro, nikapiga mwanzo wa sehemu ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa vidoleni. Upepo ulichukua nusu ya sauti. Askari alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Eza ya matanga," akasema. Ya kilio. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alirudisha blanketi mwenyewe, akalikunja vizuri pembeni, akainua kamba. "Boleka," akasema. Piteni.

Beni ni chini, kuna joto. Tulipofika, nyuzi zote zilikuwa zimehama. Mulimu na mimi tulizikaza upya ndani ya salle wakati watu wanaleta viti, na jasho lake lilidondoka juu ya mbao. Tulianza mchana, ili kila mtu awahi kurudi kwake mapema. Watu walijaa mpaka madirishani. Mama yao aliketi mbele, amevaa kitenge cha misa ile ile. Pembeni yake walikaa wanawake ambao niliwajua kwa sura tu, kila mmoja na mtu wake aliyebaki shambani, au barabarani, au asiyejulikana alikobaki.

Sitaki kusema tulipiga vizuri. Violoni ya pili ilipotea mara moja, na uzi mmoja wa klavesini ulikatika katika sehemu ya kwanza. Lakini tulipofika sehemu ya tatu, nilipotoa mikono yangu na kuiweka mapajani, salle yote ilinyamaza, hata watoto wa madirishani. Orkestra iliendelea. Nilitazama vibao. Nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja akianza kutaja jina, taratibu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha mwingine akataja la wake. Majina yalikuja kutoka huku na huku, na orkestra haikusimama. Mulimu aliendelea kuongoza kwa mkono, uso wake umekauka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama yao alikuja mpaka kwenye klavesini, akashika mikono yangu yote miwili, akaibana.

"Wasingya," akasema. Asante. Hakusema kingine.

Baada ya siku ile tuliipiga tena Butembo, katika parokia yetu. Ile ya Beni mtu alikuwa ameirekodi kwa simu, ikasambaa. Watu wa mbali walianza kumwandikia Mulimu, wakisema wanataka kuisikia, wakimwita aje nayo huku na kule. Mwanamke mmoja alinizuia sokoni Vulamba, akaniuliza kama ile muziki inaweza kupigwa kwa ajili ya mume wake. Nilimwambia ndiyo, ni ya wote. Wakati ule niliamini hivyo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kufanya kwa vidole hivi, na nilipolala niliisikia.

Zaidi ya mwaka ulipita. Asubuhi moja nilikuwa darasani, watoto wanasoma ubaoni, simu ikalia. Alikuwa Mulimu. Kwa kawaida hapigi wakati wa masomo, nikatoka nje.

"Madamu, ameonekana."

"Nani?"

"Dada. Iko hapa ku nyumba." Nikasikia sahani nyuma yake. "Anakula."

Nilirudi darasani, nikawaambia watoto wasome tena tangu juu ya ubao.

Nilikwenda Beni mwisho wa juma. Njiani nilijaribu kumkumbuka sura, nikaona ninakumbuka picha tu, ile ya kwenye fremu. Nyumbani kwao nilikuta mwanamke mwembamba, kichwa kimenyolewa, amekaa juu ya mkeka. Mapajani mwake alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mama yake alikuwa amekaa karibu naye, ameshika mguu wake, na hakuuachilia wakati wote niliokuwa pale. Mulimu alinieleza uani. Askari walishambulia kambi moja porini, wanawake wakakimbia kila mmoja upande wake. Yeye alitembea na mtoto mgongoni mpaka akatokea upande wa Mutwanga, na watu wa kule wakampakia katika pickup ya kuleta wagonjwa. Mulimu alipoeleza hayo alilia, bila kujificha, huku anakamua nguo za mtoto na kuzianika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia.

Mama alikuwa ameondoa ile picha ukutani kwa haraka asubuhi aliyorudi. Pale ilipokuwa pamebaki alama nyeupe ya mraba, na juu yake msalaba mdogo wa majani ya Jumapili ya Matawi. Dada yake Mulimu alikuwa ameiona alama.

"Foto yangu njo ilikuwa pale," aliniambia jioni ile tulipobaki wawili. "Na ule musalaba. Mulishanisomea misa?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumnyonyesha mtoto.

Beni hakukaa. Majirani walikuja siku za kwanza na ndizi na kuku, wakashukuru Mungu. Kisha wakaanza kumtazama mtoto. Mwanamke mmoja, ambaye mume wake aliuawa katika shamba lilelile, alimwambia mama yao mlangoni, bila kupaza sauti: "Ule mutoto ni wa bale ba pori. Mimi siwezi kumuona kila siku." Hakuna aliyeweza kumkasirikia. Watoto wa uani wakaitwa ndani kila mtoto yule alipotoka. Mulimu akanipigia simu kuniomba niwapokee, na mimi nikasema awalete.

Kwa hiyo dada yake na mtoto walikuja kuishi nami Vulamba. Alikuwa na mikono hodari. Alifagia uwanja kabla sijaamka, aliponda sombe ya majani ya muhogo, alisonga bundu, ugali wetu, alifua hata vilivyo safi. Hakupenda mlango ufungwe. Baridi ya Butembo ilipoingia alijifunga mablanketi, lakini mlango ulibaki wazi, na yeye alikaa mahali ambapo angeweza kuuona. Kuhusu porini alisema machache, na yale aliyoniambia siyaandiki hapa. Mtoto alinizoea, akawa ananifuata mpaka barabarani nikienda shule.

Habari za konseto alizipata kwa mama wa alto, aliyekuja kumwona akiwa na nia njema kabisa. Alimwambia: kaka yako alikupenda, alikuandikia muziki, watu wote walilia. Akamwonyesha simu. Dada yake Mulimu alitazama picha ya salle imejaa watu, mama yake mbele na kile kitenge, na mimi nimekaa mikono mapajani. Alirudisha simu, akamchukua mtoto. Kisha Mulimu alipokuja Jumamosi, dada yake alimwambia, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa kwetu: "Yaya, nataka kusikia ile kitu."

"Ipi?"

"Yenye uliandika."

Mulimu alinitazama. Nilidhani atakataa, lakini alisema sawa.

Tulikwenda salle mchana ule sisi watatu na mtoto. Orkestra haikuwapo, hivyo Mulimu aliweka ile rekodi kwenye spika ndogo, na mimi nikapiga klavesini juu yake. Dada yake alikaa kwenye benchi, mtoto amelala begani. Sehemu ya kwanza alisikiliza akitazama mlango. Sehemu ya pili alitazama mikono yangu. Ilipofika ya tatu, nikaacha, nikaweka mikono mapajani, na spika ikaendelea peke yake, na majina ya wale wanawake yakaanza kusikika ndani yake, madogo, kama yanatoka chini ya maji. Mulimu aliizima kabla ya mwisho.

"Pale Madamu anaacha," dada yake akauliza, "njo miye?"

"Ndiyo," Mulimu akasema.

"Miye nanyamaza."

"Ndiyo."

Alimhamisha mtoto bega lingine. "Sikunyamaza, yaya. Nililia mpaka sauti ikaisha. Kiisha ikarudi, nikalia tena. Kila siku nilikuwa nasema: yaya iko ananitafuta. Ata akikawia, iko njiani." Sauti yake haikupanda. "Kumbe ulikuwa unaandika."

"Nilikutafuta," Mulimu akasema. "Nilizunguka morgue zote. Beni, Oicha, Mutwanga. Nilifunua kila maiti."

"Njo kwenye ulinitafuta."

Mulimu aliinuka, akakusanya karatasi zake zote, za klavesini, za violoni, za kontrabasi, akazitia katika mfuko, akatoka. Tulisikia pikipiki ikiwaka. Dada yake alibaki kwenye benchi. Baadaye alisema mtoto ana njaa, tukarudi nyumbani, akapika.

Tangu siku ile Mulimu alikataa. Waliomwandikia kutoka mbali aliwajibu hapana, au hakuwajibu. Orkestra walipouliza tunaanza lini mazoezi, alisema tutapiga nyimbo za Noeli kama zamani. Wengi walielewa. Mpiga kontrabasi hakuelewa, na ndiye pekee aliyesema mbele yake. Ndugu yake mkubwa alikuwa dereva, na walimchoma ndani ya lori lake kwenye barabara ya kaskazini mwa Beni. Nilijua hilo, lakini sikuwahi kumsikia akilizungumzia. Alikuja nyumbani kwangu siku ambayo Mulimu alikuwepo, akasalimia, akakataa kiti.

"Mulimu, nimefurahi dada amerudi. Mungu anajua," akasema. "Lakini wangu hakurudi. Ile muziki, wakati napiga, niko na yeye. Siko na mahali pengine."

"Tafuta mutu mwingine akuandikie."

"Nani? Uko peke yako."

"Niliandika bongo," Mulimu akasema. Uongo. "Hauwezi kuzika ndugu yako mu kaburi la bongo."

Mpiga kontrabasi alisimama, mikono yake minene imening'inia. Dada yake Mulimu alikuwa mlangoni akichambua mboga, amesikia yote. Hakuinua kichwa. "Mupige," akasema. "Jina yangu mutoe, halafu mupige. Hapana yangu tena."

Mulimu alichukua kofia yake akaondoka, na mpiga kontrabasi akaondoka nyuma yake, kila mmoja na chombo chake cha usafiri, ingawa walikuwa wanakwenda mji mmoja.

Hatukuipiga. Nilijaribu kuwakutanisha, na mara moja walikubali kuonana baada ya msimu wa mvua. Kabla ya siku hiyo barabara ilishambuliwa, magari yakaacha kupita kwa muda, na wale wa Beni hawakuja tena Jumamosi. Muuguzi alihamia upande wa Uganda na watoto wake. Selo ilifunguka ule ufa. Orkestra haikuvunjwa na mtu yeyote; ilipungua tu, mpaka siku moja nikafungua salle nikajikuta na mama wa alto peke yetu, tukazungumza kidogo kuhusu bei ya vitambaa, tukafunga. Mpiga kontrabasi bado anaendesha pickup. Tukikutana husimama, tunaulizana habari za nyumbani. Ya muziki hatuulizani.

Dada yake Mulimu hakubaki kwangu pia. Vulamba nayo ina midomo, na habari za mtoto zilifika. Mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akilala kwangu akileta mzigo mjini, alimwambia Kyavinyonge, kando ya ziwa, kuna kazi, na kule kila mtu ametoka mahali fulani. Aliondoka naye, na mtoto wake. Mwanzoni nilimkosa mtoto kuliko nilivyotarajia. Nikienda shule nilikuwa nageuka nyuma.

Nilikwenda kumwona wakati wa likizo. Nilimkuta ziwani kati ya wanawake wengine, kitenge kimekunjwa mpaka magotini, anapasua tilapia kwa haraka na kutupa matumbo kwa marabu, wale ndege wakubwa, waliosimama wakingoja. Nywele zilikuwa zimeota. Mtoto alikuwa akikimbia na wenzake kati ya mitumbwi iliyopinduliwa, na hakuna aliyekuwa anamwita ndani. Yeye aliniona, akanipungia kisu, akamaliza beseni lake kwanza. Kisha akanipikia samaki na bundu, tukala nje ya chumba chake cha mbao.

"Nalala na mulango mufungwe sasa," aliniambia. "Ju ya viboko ba mu ziwa. Banakuya mpaka hapa." Alitabasamu kidogo.

Nilimwuliza kama kaka yake anaweza kuja Noeli. Aliondoa mfupa mdomoni mwa mtoto, akafikiri.

"Akuye," akasema. "Asilete muziki."

Nilimfikishia Mulimu maneno hayo kama yalivyo. Alikwenda. Niliambiwa na yule mchuuzi wa samaki kwamba alikaa siku chache, kwamba paa la chumba lilikuwa linavuja na alipanda juu na misumari akalitengeneza, na kwamba mtoto alikaa chini ya ngazi akimpasia misumari. Dada yake hakumwita yaya, alimwita jina lake, lakini alimpakulia chakula kila jioni. Kisha alirudi Beni. Bado anafundisha. Watoto wa shule yake wanajua kusoma noti vizuri kuliko sisi tulivyojua. Hajaandika kitu kingine.